Zinaota, Ila Hazirefuki: Kwa Nini Nywele Nyembamba za Dawa Hukatika

Ukikaa saluni nusu saa tu, lazima usikie lalamiko hili: "Nywele zangu hazikui." Anayelalamika yuko kwenye kiti, taulo mabegani, anasubiri kuritachi, yaani kupakwa dawa ya kunyoosha kwenye nywele mpya zilizoota. Sasa kama hazikui, anaritachi nini? Kile kipilipili cha sentimita mbili au tatu kilichojitokeza shinani ndicho ushahidi kwamba nywele zimeota kama kawaida yake. Nywele za kichwani huota kama sentimita moja kwa mwezi, wengine zaidi kidogo, wengine pungufu kidogo. Kwa mwaka ni sentimita 10 hadi 15. Mtu ambaye nywele zake zilikuwa zinagusa bega mwaka juzi, na leo bado zinagusa bega lile lile, hajakosa kuota. Kinachoingia kwa juu kinatokea kwa chini.

Mkanganyiko huu umezaa mingine mingi: vidonge vya kuotesha nywele, mafuta ya kusugua utosini, maji ya vitunguu. Vyote vinalenga ngozi ya kichwa, mahali nywele zinapotengenezwa, wakati shida iko sentimita 20 mbali na hapo. Ndoo inavuja, sisi tunazidi kufungua bomba.

Kukatika si kunyonyoka

Kiswahili kimetusaidia hapa, maana kina maneno mawili kwa mambo mawili. Unywele ukinyonyoka umetoka na shina lake. Utazame kwenye mwanga, utaona upande mmoja una kidoti cheupe, kidogo kama kichwa cha pini. Huo ni mwisho wa kawaida wa maisha yake: unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika miezi michache, kisha huachia nafasi mwingine. Kichwa kina nywele kama 100,000, kwa hiyo kupoteza 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Unywele uliokatika hauna hicho kidoti. Ni kipande tu, mara nyingi kifupi, na huku kwingine kichwani umebaki mwenzake uliopunguzwa urefu.

Siku ya kuosha, tandika kitambaa cheupe na ukusanye kila kilichobaki kwenye kitana. Tenga mafungu mawili: vyenye vidoti na visivyo navyo. Fungu la vidoti likivimba ghafla, mara nyingi miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua, homa kali, upasuaji au kujinyima chakula, hiyo ni habari ya mwili wako na wa kuulizwa ni daktari. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya thairoidi navyo huonekana hivyo hivyo, na hakuna stimingi itakayoyaondoa. Fungu la vipande likiwa ndilo kubwa, makala hii ni yako. Usivitupe, tutavihitaji mwishoni.

Nyembamba si chache

Watu husema "nywele zangu nyepesi" wakimaanisha vitu viwili tofauti. Kuna wenye nywele chache: ukitenga mstari, ngozi inaonekana pana. Na kuna wenye unywele mmoja mmoja mwembamba, kiasi kwamba ukiushika kati ya kidole gumba na cha shahada unabaki kujiuliza kama umeushika. Inawezekana kabisa kuwa na nywele nyembamba nyingi sana, kichwa kikajaa, msusi akakusifia, na bado kila unywele peke yake ukawa dhaifu. Tunachozungumzia hapa ni huo wembamba wa mmoja mmoja.

Kwa makadirio, unene wa nywele za watu huwa kati ya maikromita 50 na 100 hivi, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ungedhani unywele wa 50 una nusu ya nguvu za ule wa 100. Hapana. Kinachohimili mvuto ni ukubwa wa ule mduara unaouona ukiukata unywele na kuutazama kwa mbele, na mduara wenye upana wa nusu una eneo la robo. Kwa hiyo unywele wako mwembamba hukatika kwa robo tu ya mvuto unaohitajika kuukata unywele wa mwenzako wenye unene maradufu. Kitana kile kile, mkono ule ule, msusi yule yule: yeye hahisi kitu, wewe unaacha vipande sakafuni. Ndiyo maana ushauri wa rafiki mwenye nywele nene, hata akiutoa kwa upendo, unaweza kukumaliza.

Nje ya unywele kuna koti la vigamba vilivyolaliana kama magamba ya samaki, vyote vikielekea nchani. Ndani kuna nyuzinyuzi za protini iitwayo keratini, zimesokotwa kama kamba. Nyuzi hizo zimefungamana kwa vifungo vya aina mbili vinavyotuhusu. Vya kwanza ni dhaifu, hufunguka kwa maji na kujifunga zikikauka. Ndivyo draya inavyovichezea, na ndiyo sababu nywele zisizo na dawa zilizonyooshwa kwa moto hurudia hali yake zikipata jasho. Vya pili ni vifungo vya salfa, na hivi ni vya nguvu, vinaunganisha uzi na uzi kama vipandio vya ngazi. Hivi ndivyo vinavyolishikilia umbo la nywele, ziwe za kipilipili, za mawimbi au za singa. Maji hayavifanyi kitu.

Dawa inafanya nini humo ndani

Dawa ya kunyoosha kazi yake ni hivyo vipandio. Ili ivifikie, lazima kwanza iuvimbishe unywele na kuyainua yale magamba, na silaha yake ni ukali wa alkali. Ukali huo hupimwa kwa pH, kipimo cha 0 hadi 14. Maji safi ni 7, chini ya hapo ni uchachu kama wa limau, juu ya hapo ni alkali kama ya magadi. Nywele na ngozi ya kichwa hupenda uchachu kidogo, kama 4.5 hadi 5.5. Dawa nyingi za kunyoosha ziko 12 kwenda juu. Namba hizi zinadanganya macho, maana kila hatua moja ni mara 10 ya iliyotangulia. Kutoka 5 hadi 13 ni hatua nane, yaani mara milioni 100.

Ikishaingia, kila kipandio chenye salfa mbili inachokifikia hupoteza moja. Kinachobaki ni kiungo kifupi cha namna nyingine, na hakirudi tena kilivyokuwa. Wakati huo huo, tabaka jembamba la mafuta ya asili lililoshikamana na magamba ya nje, lile linalofanya maji yateleze, huondoka. Tangu siku hiyo unywele hunywa maji upesi, huvimba upesi na hukauka upesi. Nywele zinametameta unapotoka saluni, lakini kwa nguvu zimeshuka. Mwenye nywele nene ana akiba ya kupoteza. Mwenye nyembamba anaanza na robo.

Kutokana na hilo, kauli mbili za kila siku zinaanguka zenyewe. Ya kwanza ni "dawa imeisha". Dawa haiishi. Sehemu iliyonyooshwa imenyooshwa moja kwa moja, na unachokiona kimerudi ni nywele mpya zilizoota chini yake. Ya pili ni "naweka tiba zipone". Kidonda hupona kwa sababu ngozi iko hai, ina damu. Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna damu wala chembe hai hata moja, uko kama uzi wa shati. Unaweza kuupaka kitu kikauziba nyufa na kuulainisha hadi utakapoosha tena, na hilo lina faida kubwa. Ila kuupunguzia uchakavu na kuuponya ni vitu viwili, na makopo mengi yanauza la pili huku yakifanya la kwanza.

Dawa juu ya dawa

Kama ningepewa nafasi ya kusema jambo moja tu kuhusu nywele hizi, ningesema hili. Miaka michache iliyopita nilikaa kwenye kiti cha saluni moja, shina limeota kama sentimita tatu. Dada aliyenihudumia alipaka dawa shinani kwa brashi, taratibu, kazi safi. Dakika tano za mwisho akachukua kitana cha meno madogo, akaiburuta ile dawa kutoka shinani hadi nchani, tabaka baada ya tabaka.

"Dada, huko chini si tayari zina dawa?"

"Nazipitisha tu kidogo, ili zilingane."

Zililingana kweli, na nilitoka pale natingisha kichwa kama farasi. Wiki ya tatu nikaanza kukuta vipande kwenye kola ya blauzi nyeusi, vifupi kama kucha ya kidole kidogo. Ncha zangu, nikizishika dhidi ya dirisha, zilikuwa zinapitisha mwanga kama wavu uliotoboka.

Piga hesabu. Nywele zinazogusa bega zimekaa kichwani si chini ya miaka miwili. Ukiritachi mara sita kwa mwaka na kila mara dawa ikaburutwa hadi chini, ncha zimepitiwa mara 12, na kila mara imevitafuta vipandio vilivyobaki. Hakuna unywele mwembamba unaoweza kusimama hapo. Kuweka dawa kila baada ya muda siyo tatizo lenyewe. Tatizo ni kuirudisha mahali ilipokwisha fanya kazi.

Kwa hiyo mpaka lazima ulindwe. Kabla kopo halijafunguliwa, sehemu yote yenye dawa ya zamani ipakwe vaselini au kondishena nzito, na uanzie pale pale inapokutana na nywele mpya. Wengi husahau kwamba wakati wa kusuuza dawa hutiririka juu ya nywele za zamani, na hapo ndipo ile vaselini inapolipa. Mwambie anayekuhudumia kabla hajaanza, kwa heshima lakini kwa maneno yanayoeleweka: kitana kisiishushe.

Muda nao una siri yake. Ukirudi baada ya wiki nne, umeota sentimita moja, na hakuna mkono duniani unaoweza kupaka sentimita moja bila kuvuka mpaka. Wiki 8 hadi 12 ndiyo desturi. Mwenye nywele nyembamba na akae upande wa 12. Lakini na wewe unayesikia ushauri wa "kaa miezi sita zipumzike", elewa unachokitafuta. Zitakuwa sentimita sita au saba za kipilipili zimeunganishwa na singa, na pale zinapokutana unywele unabadilika tabia ghafla: juu unajikunja, chini umenyooka, kitana kikifika hapo kinakwama. Ndipo unapokatika. Inawezekana kukaa miezi sita, ila kwa subira ya mikono ambayo wengi wetu asubuhi ya kazi hatuna.

Kuhusu nguvu ya dawa, makopo huja laini, ya wastani na kali, na watu hununua kali "ili ishike vizuri". Unywele mwembamba dawa huufika ndani haraka kuliko mnene, kwa hiyo laini inatosha, na mara nyingi kwa dakika pungufu ya zilizoandikwa. Jaribu kwanza kwenye kishungi kimoja cha kisogoni. Nywele za pembezoni mwa uso, ambazo kwa karibu kila mtu ndizo nyembamba kuliko zote, zipakwe mwisho, si mwanzo. Na usitake singa kamili. Ukiacha wimbi kidogo umeacha vipandio kadhaa vizima, na hivyo ndivyo vitakavyozishikilia nywele zako mwaka ujao.

"Ikiunguza ndiyo inashika"

Hii tumerithishana. Ngozi ina neva, unywele hauna, kwa hiyo kuungua hakukwambii lolote kuhusu kunyooka. Kunakwambia dawa imefika kwenye ngozi, pengine mahali ulipojikuna jana. Siku mbili kabla ya dawa usisugue wala kujikuna kichwa, na ngozi yote ipakwe vaselini. Ikianza kuunguza, isuuzwe, hata kama saa bado. Wanaosema "vumilia kidogo" hawatakuwepo kesho unapogandua kitambaa cha mto kichwani.

Imani nyingine ni kwamba kuna dawa "yenye magadi" na dawa "isiyo na kemikali". Ya kwanza ina sodiamu haidroksaidi, magadi makali yale yale ya kutengenezea sabuni. Ya pili ndiyo ile unayochanganya krimu na kimiminika papo hapo: kalsiamu haidroksaidi na guanidini kaboneti. Hiyo nayo ni kemikali, tena kali. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya kupima dawa za aina zote mbili, zikiwemo zinazotangazwa kwa ajili ya watoto, wakakuta pH yake iko kwenye kiwango cha kuunguza ngozi. Hii ya kuchanganya watu wengi huihisi afadhali kichwani, lakini huacha chumvi za kalsiamu juu ya nywele, zikawa kavu, zimefifia, na ngumu kuchana. Ukiitumia, mara moja moja osha kwa shampuu ya kuondoa madini. Ya magadi haiachi uchafu huo, ila inahitaji mkono uliozoea. Nyumbani, peke yako mbele ya kioo, usiijaribu.

Kuna familia ya tatu, ya thayo, inayotumika pia kwenye mikunjo ya kudumu. Hiyo na zile mbili hazikutani kichwa kimoja. Nywele zilizopita moja, zikipitishiwa nyingine, zinaweza kukatika siku hiyo hiyo, mikononi mwa msusi. Ukibadilisha saluni, taja dawa iliyotangulia hata kama hujaulizwa. Blichi nayo iko kundi la hatari hilo hilo: inavunja vipandio kwa njia yake, na kwa unywele mwembamba wenye dawa sijaona sababu ya kuthubutu. Ukitaka rangi, chukua ile isiyochubua na isiyodumu.

Baada ya muda kutimia, kuna hatua inayofanywa harakaharaka kwa sababu foleni ni ndefu: kuizima dawa. Maji peke yake hayatoshi. Suuza kwanza mpaka utelezi wote uishe, kisha itumike shampuu maalumu yenye uchachu, inayozishusha nywele kutoka kwenye ule ukali. Nyingi kati ya hizo povu lake hugeuka pinki likikuta dawa bado ipo. Rudia mpaka povu litoke jeupe. Pitisha vidole nyuma ya masikio na kisogoni, huko ndiko dawa hujificha na kuendelea na kazi wakati wewe umeshakaa chini ya draya.

Na kwa kuwa wengi wanauliza, habari za saratani ni swali jingine na zisichanganywe na kukatika. Oktoba 2022 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha, uwezekano wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 1.64, na kwa wanaozitumia mara kwa mara asilimia 4.05. Utafiti huo haukukusanya majina ya bidhaa wala viambato vyake, kwa hiyo haujibu kama kopo fulani ni salama. Ila ni sababu nyingine ya kutoipeleka dawa kichwani mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Uchakavu wa kila siku

Dawa huzidhoofisha, lakini inayozikata hasa ni mikono yetu. Unywele wa dawa ukilowa huvutika zaidi na hustahimili kidogo, kwa hiyo dakika kumi za baada ya kuosha ndizo za hatari kuliko zote za wiki. Usizichane zikiwa na maji matupu. Paka kondishena, tenganisha kwa vidole, kisha kitana cha meno mapana, ukianzia nchani na kupanda kidogo kidogo. Anayeanzia utosini anashusha mafundo yote na kuyakusanya pamoja chini, mahali ambapo nywele ni nzee kuliko popote. Taulo ni la kukandamiza, si la kufikicha.

Pasi ya nywele na unyevu havipatani. Ule mlio wa "chwii" unaposhusha pasi ni maji yaliyomo ndani ya unywele yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hutengeneza vitundu. Kausha kabisa kwanza, moto uwe wa chini kadiri inavyowezekana, pitisha mara moja na uachie. Kama unaweza kuvumilia rola, rola ni bora, hazina ugomvi na mtu.

Kusuka hupumzisha nywele pale tu panapokosekana mvuto. Rasta nzito juu ya unywele mwembamba wa dawa ni kamba ya meli kwenye uzi wa kushonea. Vikitokea vipele mbele, au kichwa kinauma hadi huwezi kulala, msusi amekaza, na "utazoea" si jibu. Mvuto wa muda mrefu huua shina lenyewe na kuacha upara wa pembeni usiorudi, na watafiti wameukuta zaidi kwa wanaosuka juu ya nywele zenye dawa. Acha wiki mbili zipite kati ya dawa na kusuka. Kufunga mkia nako: raba ikikaa sehemu ile ile kila siku, nywele hukatika hapo kama waya unaokunjwa mahali pamoja. Hamisha. Usiku, kitambaa cha satini au hariri, maana pamba hunywa mafuta yako na kuzikwaruza.

Protini, unyevu, na lile yai

Vita hii imewachosha wengi: mmoja anakwambia nywele zako zinahitaji protini, mwingine unyevu. Njia rahisi ya kukisia ni kuchukua unywele mmoja ulionyonyoka, kuulowesha na kuuvuta polepole kati ya vidole. Ukivutika kama mpira laini, hauachi, kisha ukakatika, umekosa uti wa mgongo, jaribu protini. Ukikatika papo hapo bila kuvutika, umekakamaa, upe kondishena ya unyevu. Ukivutika kidogo na kurudi, uache, umetulia. Nywele nyembamba za dawa kwa kawaida huitaka protini mara nyingi kuliko nene, ila ikizidi zinakuwa kama majani makavu na zinakatika kwa ukavu, halafu mwenyewe anaongeza protini. Nimefanya hivyo. Miezi miwili.

Protini inayofaa ni iliyokatwakatwa kiwandani vipande vidogo, vikaweza kujishikiza kwenye nyufa. Yai halijakatwa. Protini zake ni kubwa mno kupenya, zinakaa juu, zinaoshwa, na ukiosha kwa maji ya moto unaanza kuokota mayai ya kukaanga kichwani. Lile ni la kula.

Mafuta hayalishi nywele, kwa sababu hazili. Kazi yake ni kupunguza msuguano na kuzuia maji yasiingie na kutoka kwa fujo. Mafuta ya nazi yana sifa ya pekee hapa: utafiti uliochapishwa 2003 uliyalinganisha na ya alizeti na ya madini, yakawa ndiyo pekee yaliyopunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, kwa sababu yanapenya ndani. Paka kidogo saa chache kabla ya kuosha. Kidogo tu, nyembamba zikilemewa zinalala kichwani kama zimemwagiwa supu.

Kukata ncha hakuoteshi chochote, ncha haina mawasiliano na shina. Lakini ncha iliyopasuka huendelea kupasuka kuelekea juu, kwa hiyo sentimita moja unayoikata leo inaweza kukuokolea nne.

Sasa rudi kwenye vile vipande ulivyotenga kwenye kitambaa, uvipime kwa rula. Vikiwa vingi ni vya sentimita moja au mbili, ncha ndizo zinazochakaa: tazama kitana, pasi, taulo, na ukubali mkasi. Vikiwa virefu, karibu urefu wa nywele zako zote, huku huko kichwani kukiwa na vishina vifupi vilivyosimama, zinakatikia mpakani, na maswali ni mawili: dawa ilivuka, au umekaa muda mrefu mno bila kuritachi na unachana kwa haraka? Na kama nywele zimepungua mahali pamoja tu, kisogoni, utosini au pembeni, weka kidole hapo na ukumbuke ni kitu gani kinachopagusa kila siku: kola, raba, mstari wa rasta, au pale msusi anapoanzia kupaka.